Chombo cha maziwa cha Biharwe kina jamaa zake Nakivale

Kama kilomita 12 kutoka Mbarara kwa barabara iendayo Masaka, pale Biharwe, kuna makumbusho yaitwayo Eriijukiro. Kwa Kinyankole jina hilo lina maana ya mahali pa kukumbukia. Yamo ndani ya kituo cha utamaduni cha Igongo, kilichoanzishwa na James Tumusiime, mchapishaji wa vitabu ambaye wasomaji wakongwe wa magazeti ya Uganda wanamkumbuka pia kwa katuni zake za Bogi Benda. Miongoni mwa vitu vya watu wa kusini magharibi mwa Uganda vilivyohifadhiwa humo ni ekyanzi, chombo cha maziwa kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, shingo nyembamba, kifuniko cha nyasi kilichosukwa kwa mkono, na weusi uliotokana na moshi wa miaka mingi.

Mnyarwanda akikiona chombo hicho hahitaji kusomewa maelezo. Kwao kinaitwa icyansi. Mrundi atakiita icansi. Kibuyu cha kusukia maziwa, ambacho Mnyankole hukiita ekishaabo, kwa Mnyarwanda na Mrundi ni igisabo. Ni jina lilelile, limevaa nguo tofauti kidogo kila linapovuka mpaka.

Tatizo ni kwamba Wanyarwanda na Warundi wengi walio karibu kabisa na chombo hicho hawajapata kukiona. Wako Nakivale, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka Mbarara. Kwenda makumbusho kunataka nauli ya kufika Mbarara, nauli nyingine ya kufika Biharwe, tiketi ya mlangoni, na nauli ya kurudi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kwenda atakako nchini. Mfuko wake ndio unaomzuia.

Ndiyo maana wazo ambalo miji mingine duniani imelijaribu, la kuvitoa vitu vya makumbusho ndani ya jengo na kuvipeleka mitaani wanakoishi watu, lina uzito wa pekee katika kona hii ya Afrika Mashariki.

Jumuiya kabla ya mikataba

Makazi ya Nakivale yana umri mkubwa kuliko Uganda huru. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda walipovuka mpaka na kupewa ardhi kando ya ziwa liitwalo kwa jina hilohilo. Leo ni eneo la kilomita za mraba 185 hivi katika Wilaya ya Isingiro, lenye vijiji kadhaa wa kadhaa vilivyogawanywa katika sehemu kama Base Camp, Juru na Rubondo, na wakazi zaidi ya laki moja. Wako Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani wa kaskazini na wa kusini. Baadhi ya vijiji vimebeba majina ya walikotoka wenyewe: Little Congo, Little Ethiopia, Little Kigali.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili mwaka 2024. Nakivale ilikuwa imekwisha kuwaweka Mkongo na Msomali katika foleni moja ya maji miaka mingi kabla marais hawajatia saini. Lugha iliyowawezesha kuelewana kwenye foleni hiyo, kwa sehemu kubwa, ni Kiswahili: cha Kivu, cha Bujumbura, cha Mogadishu na cha Kampala, vyote vikigongana na kusameheana.

Jumuiya ina tamasha lake la sanaa na utamaduni, JAMAFEST. Lilianza Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019. Yote ni miji mikubwa, yenye viwanja, hoteli na wageni rasmi. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini kama kuna mahali ambapo ngoma za nchi hizi zinasikika kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kadi ya mwaliko, ni katika makazi kama haya.

Nyumba ya mayembe

Waganda wana sababu ya zamani ya kuyatazama makumbusho kwa jicho la pembeni. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, wakati wa ukoloni, na makao yake ya kwanza yalikuwa katika ngome ya Lugard, Old Kampala. Humo ziliwekwa hirizi na vifaa vya ibada vilivyokusanywa kwa wenyeji, na watu wakaliita jengo hilo enyumba ya mayembe, nyumba ya pembe za uganga. Wengine waliogopa hata kulikaribia. Kwao hapo palikuwa mahali pa vitu vilivyonyang'anywa, vikafungiwa, na bado vina nguvu zake.

Aliyejaribu kuibadili hali hiyo alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho hayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliona kwamba zeze lililotundikwa ukutani ni mti na nyuzi tu. Akawaita wapigaji. Makumbusho yalipohamia jengo lake la sasa la Kitante, lililofunguliwa mwaka 1954 na kusanifiwa na Ernst May, yalikuwa tayari yanajulikana kwa jambo hilo: mgeni aliweza kuikuta ala na kumsikia anayeipiga.

Somo la Wachsmann halikuenda mbali sana. Makumbusho mengi ya eneo hili yamebaki ya kioo na maandishi ya Kiingereza, wageni wakubwa wakiwa watalii na wanafunzi walioletwa kwa basi la shule. Mama anayeuza samaki wa Ziwa Nakivale hana siku ya kwenda kutazama vyombo ambavyo bibi yake alikuwa akivifukiza.

Waliotoka nje

Hispania ililijaribu hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ya jamhuri ilituma vijana vijijini wakiwa na lori lenye nakala za michoro ya Velázquez, Goya na wengine iliyomo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Zilitundikwa kwenye kumbi za vijiji, wakulima wakaja kuangalia michoro ya wafalme wao wa zamani ambayo kamwe wasingeipandia treni. London ilifanya la kwake mwaka 2007: makumbusho ya National Gallery yalitundika nakala, kwa ukubwa uleule wa michoro halisi, kwenye kuta za mitaa ya Soho na Covent Garden. Mwaka 2010 makumbusho ya sanaa ya Detroit, Marekani, yakaanza kufanya hivyo katika jiji lao na miji midogo inayolizunguka, kwenye bustani na kuta za maduka.

Njia hiyo inafaa kwa michoro. Mchoro ni kitu cha kutazamwa, na nakala nzuri inakupa sehemu kubwa ya kilichomo. Ekyanzi ni shughuli nyingine. Ukikipiga picha na kuichapa kwenye bango, umepata umbo na rangi, lakini uzito wake, harufu yake na sauti ya kifuniko kikikaa mahali pake vimebaki Biharwe.

Karibu zaidi na nyumbani, Kampala imekwisha kuonyesha kwamba sanaa inaweza kukaa njiani bila kuharibiwa na wapita njia. Mwaka 2012 tamasha la KLA ART liliweka kontena 12 za meli katika sehemu za wazi za jiji, kila moja ikiwa na kazi ya msanii. Mwaka 2014 wasanii wakazigeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa, zikazunguka mjini na kuwakuta watu kwenye foleni za magari. Halafu kuna maonyesho ya Travelling Testimonies ya mwaka 2013 na 2014, yaliyosimamiwa na Refugee Law Project, ambayo yalizunguka sehemu zilizopitia vita nchini Uganda, zikiwamo Kitgum, Luwero, Arua na Kasese. Hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na hali ya Nakivale, kwa sababu yalikwenda kwa watu ambao wenyewe walikuwa na la kusema juu ya kilichoonyeshwa. Maonyesho yalifika na kusikiliza.

Moshi kutoka Mogadishu hadi Minembwe

Tukirudi kwenye maziwa. Chombo cha mti hakisafishwi kwa maji peke yake. Katika nyumba za wafugaji wa Ankole, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake: majani makavu huchomwa polepole katika chungu kidogo cha udongo, mdomo wa ekyanzi ukainamishwa juu ya moshi mpaka ndani pakapata harufu. Moshi huo hupunguza vijidudu, maziwa hayachachi upesi, na ladha yake inakuwa ile ambayo mtu aliyekulia humo huitafuta maisha yake yote. Watu wa pwani waliozoea kuufukiza mtungi wa maji kwa ubani wataelewa bila kufafanuliwa.

Warundi na Wanyarwanda wana utaratibu wao wa kutunza vyombo hivyo, na wafugaji wa milima ya Minembwe, Kivu Kusini, wana wao. Hawa wa mwisho wako Nakivale kwa wingi, wakiwa wameacha nyuma ng'ombe walioibwa au kuuawa katika mapigano.

Kisha njoo kijiji cha Wasomali. Chombo chao cha maziwa kinaitwa haan. Hakichongwi, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi na magamba ya miti, kwa ukaribu wa kiasi kwamba maziwa hayavuji, na kiliumbwa ili kifungwe ubavuni mwa ngamia safari nzima. Nacho hufukizwa kwa moshi wa kuni maalumu kabla ya kukamuliwa ndani yake. Kati ya Mhima wa Ankole na Msomali wa nyanda kavu kuna lugha zisizofanana hata neno moja, dini tofauti, mnyama tofauti, na kilomita zaidi ya elfu moja. Mikononi mwa bibi zao kuna kazi ileile.

Hilo hulioni Biharwe, kwa sababu Eriijukiro ni makumbusho ya watu wa kusini magharibi mwa Uganda na hayakukusudiwa kuonyesha haan. Wala hulioni Kampala kwa urahisi. Mahali pekee katika eneo hili ambapo ekyanzi, icyansi, icansi na haan vinaweza kuwekwa juu ya meza moja, na wenye kuvijua wakawa wamesimama hapohapo, ni Nakivale.

Lakini muda si rafiki. Mbarara ni kitovu cha maziwa ya Uganda, na maziwa hayo sasa husafiri katika makopo ya chuma juu ya bodaboda hadi vituo vya kupoozea. Nyumbani Nakivale, chombo cha kila kitu ni dumu la njano la plastiki. Hakuna wa kumlaumu: dumu ni jepesi, halipasuki, na halihitaji fundi. Ekyanzi kilihitaji mchongaji, na kwa desturi ya Ankole wachongaji walikuwa Wairu, wakulima, waliowachongea Wahima wenye ng'ombe. Ni historia yenye uchungu wake, ambayo chombo kikiwa ndani ya kioo hakikuambii. Kikiwa uwanjani, mbele ya watu wanaojua nani alichonga na nani alikunywa, mtu atauliza.

Mtoto aliyezaliwa Nakivale miaka kumi iliyopita anajua neno icyansi, kama analijua, kutoka kwenye nyimbo za harusi. Bibi anayejua kukifukiza hana cha kufukizia. Makumbusho yana chombo lakini hayana bibi. Ni kilomita zisizozidi 80 zinazowatenganisha, na kila mwaka akina bibi wanapungua.

Si kila kitu kitoke nje

Hapa panahitaji tahadhari, na wanaolishabikia wazo la sanaa ya mitaani huipita haraka mno.

Chukua Walega. Kwao ni misitu ya Mwenga na Shabunda, Kivu Kusini, na Pangi, Maniema. Sanaa yao ya vinyago vidogo vya mti na sanamu za pembe za ndovu inajulikana dunia nzima, na nyingi ziko Ulaya, yakiwamo makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji. Vitu hivyo vilikuwa vya bwami, chama cha mafunzo ya maadili ambamo mtu alipanda ngazi kwa ngazi. Kila kimoja kilikuwa na misemo yake, na kilionyeshwa kwa waliofikia ngazi ya kukiona. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vingi vikaendelea kuishia mikononi mwa wakusanyaji. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyeishi na Walega katika miaka ya 1950, alitumia kurasa nyingi kueleza kwamba kitu bila msemo wake ni nusu ya kitu.

Sasa fikiria mtu mwenye nia njema anachapa picha ya kinyago cha bwami, anaitundika kwenye ukuta wa zahanati katika kijiji cha Wakongo, watoto wanapita wanakitazama na kucheka. Kwa mgeni huo ni utamaduni umerudi nyumbani. Kwa mzee wa Kilega aliyeketi kwenye foleni ya dawa unaweza kuwa utovu wa heshima uleule wa mwaka 1948, sasa ukiwa na rangi nzuri zaidi. Wazee waulizwe kwanza, na wakisema hapana, iwe hapana.

Ngoma nazo zina habari yake. Neno engoma kwa Kinyankole, kama ingoma kwa Kinyarwanda na Kirundi, ni ngoma na ni utawala kwa pamoja. Ankole ilikuwa na Bagyendanwa, Rwanda Kalinga, Burundi Karyenda. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine za Uganda, na zile nyingine ziliporejeshwa mwaka 1993 wa Ankole haukurejeshwa. Ikulu ya Kamukuzi imebaki mlimani Mbarara bila mfalme. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2017 amri ya rais nchini humo ikawazuia wanawake kuzipiga na kutaka upigaji wowote nje ya sherehe rasmi uombewe kibali. Amri hiyo haivuki mpaka. Mrundi aliye Uganda anaipiga ngoma yake uwanjani siku anayotaka. Hili nalo ni jambo ambalo maelezo ya makumbusho yangelieleza kwa taabu, na jioni moja ya uwanjani inalieleza yenyewe.

Posho imekatwa, nyinyi mnaleta picha

Pingamizi kubwa kuliko yote liko tumboni. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na fedha za kuwahudumia zimekuwa zikipungua. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limepunguza posho mara kadhaa, na tangu mwaka 2023 linazigawa familia kwa kiwango cha uhitaji, nyingine zikiachwa nje kabisa. Mtu aliyeondolewa kwenye orodha ya chakula ana haki ya kumuuliza anayekuja na mabango: hela ya hayo ingenunua unga kiasi gani?

Swali hilo halina jibu la kumfurahisha. Linaloweza kusemwa ni kwamba gharama ni ndogo. Mbarara ina maduka ya kuchapa mabango ya plastiki, yaleyale yanayochapa picha za wagombea ubunge wakati wa uchaguzi na matangazo ya makanisa. Mabango ya uchaguzi hukaa kwenye nguzo miezi mingi baada ya mgombea kushindwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hayastahimili jua la Isingiro. Kuta zipo: shule, vituo vya afya, mashina ya maji, vibanda vya kinyozi. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei unaweza kuachwa upite.

Kuna na jambo jingine zito kuliko gharama. Isingiro ina migogoro ya ardhi ya muda mrefu kati ya wakimbizi na wenyeji. Mkulima wa Kinyankole anayeona mipaka ya makazi ikisogea kwenye shamba lake hamtazami Mkongo kama jirani, na Mkongo aliyezuiwa kulima mahali alipopewa jana hamwoni Mnyankole kama mwenyeji mwema. Chombo cha maziwa hakipimi ardhi, wala hakuna wa kudai hivyo. Lakini ukiangalia wanavyojuana, wengi wanajuana kupitia mgogoro tu na kupitia soko. Hapajawa na mahali pa tatu.

Kwa sababu hiyo safari isiwe ya upande mmoja. Vitu vya Biharwe vikienda Rubondo na Juru, basi haan, vikapu vya Kirundi na ngoma zenyewe pamoja na wapigaji wake viende Mbarara: Kakoba, Nyamitanga, Ruharo, na kwenye mzunguko wa barabara ambapo sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu inawapokea wageni. Ng'ombe huyo naye ana ndugu. Wanyarwanda wana inyambo, wa pembe zilezile, na si ajabu Mnyarwanda wa Nakivale akiipita sanamu ile hujisikia ameona kitu cha kwao. Mbarara ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na jiji linalotaka kuwa na sanaa ya barabarani limepata pa kuanzia.

Nani aandike maelezo

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wa konokono, lakini bango la ukutani halingoji mtaala. Maelezo ya Kiswahili yatasomwa na Mkongo, Mrundi na vijana wengi wa Kisomali, na yanaweza kuwa mafupi sana: jina la kitu kwa kila lugha inayokijua, kimetengenezwa kwa nini, nani alikitengeneza, na nafasi iliyoachwa wazi chini ya maandishi. Nafasi hiyo ina kazi. Mtu akisema huku kwetu majani ya kufukizia ni mengine, yaandikwe jina la jani hapohapo, kwa kalamu ya wino mzito, kisha bango likirudi Biharwe au Kampala lirudi na yaliyoongezwa.

Makumbusho hayapendi kuandikiwa juu ya kazi yake. Hata hivyo vitabu vingi vya kumbukumbu za vitu hivi viliandikwa na watu waliopita kwa haraka. John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyekusanya vitu Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na kuvipeleka Cambridge, aliandika pia juu ya watu wa Ankole, kitabu kikatoka mwaka 1923. Alichokiandika kina manufaa, na kina mengi aliyoyasikia kupitia mkalimani. Vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, vilivyokuwa mikononi mwa Cambridge kwa njia hiyo, vilirudi Uganda mwaka 1962. Juni 2024 chuo hicho kikaleta vingine 39 kutoka sehemu mbalimbali za nchi hadi Makumbusho ya Uganda, Kampala, kwa mkopo wa miaka mitatu ya awali.

Kutoka Kitante hadi Mbarara ni kama kilomita 270 za lami. Muda huo wa awali wa mkopo unafikia mwisho mwaka 2027.